Mita Moja na Nusu Bila Kifungo

Kikoi hakina kifungo, hakina zipu, hakina mkanda. Ni kipande cha pamba chenye pembe nne, mistari ya rangi ukingoni na matamvua mwishoni, basi. Hata hivyo mvuvi wa Lamu au wa Nungwi hujifunga alfajiri, akasukuma chombo majini, akavuta nyavu, akarudi na kubeba samaki hadi mnadani, na kikoi bado kimemkaa kiunoni vilevile. Mgeni aliyekinunua asubuhi hiyohiyo na kukipiga fundo pembeni hafiki mwisho wa mtaa bila kukishikilia kwa mkono. Kitambaa ni kimoja. Kinachowatenganisha wawili hao ni mikono iliyozoea.

Namna ya kukifunga haina uficho, inataka mazoezi tu. Mwanamume husimama miguu ikiwa imeachana kidogo, maana akiibana atajikuta hawezi kupiga hatua. Hupitisha kikoi nyuma ya mgongo, ncha moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, urefu sawa pande zote mbili. Upande wa kwanza huvutwa ukaze mpaka kwenye nyonga ya upande wa pili, kisha upande uliobaki hupita juu yake kwenda nyonga nyingine. Hapo tumbo huvutwa ndani kidogo, na ukingo wa juu hukunjwa kwa nje mara mbili au tatu, kuzunguka kiuno, mpaka ukafanya mviringo mnene. Anayependa kutembea kwa hatua ndefu huacha rinda moja pana mbele kabla ya kukunja.

Kinachoshikilia ni msuguano. Pamba iliyokwisha kufuliwa ina vinyweleo, na tabaka kadhaa zikikunjwa pamoja hung'ang'aniana. Mviringo ule nao hukaa juu ya mifupa ya nyonga, mahali ambapo nguo haiteremki kirahisi. Mtu akiinama au akivuta pumzi, tumbo husukuma nje na kuukaza zaidi. Fundo hufanya kinyume chake: hukaza mahali pamoja tu, na kwingine kote nguo inalegea kwa kila hatua.

Wapo wanaopenda kilichoshonwa. Kipande kilekile, ncha zake zikiunganishwa kwa cherehani, huwa duara la nguo lisilo mwanzo wala mwisho. Zanzibar na Tanzania Bara wengi wanakiita msuli. Mombasa na Lamu utasikia saruni. Mvaaji huingia ndani yake, akavuta nguo yote iliyozidi upande mmoja, akairudisha kwa kuikunja juu ya tumbo, kisha akaukunja ukingo wa juu kama afanyavyo mwenye kikoi. Ama huigawa nguo iliyozidi sehemu mbili, kila moja akaikunja kutoka pembeni kuja katikati, mikunjo miwili ikakutana mbele. Njia hii ya pili huonekana sana Java na Yemen, nayo humpa mtu nafasi ya kukaa chini kwa kukunja miguu msikitini bila kufunuka.

Mavazi haya ni ya ukoo mmoja unaoizunguka Bahari ya Hindi yote. Waomani huvaa wizari chini ya kanzu zao. Wayemeni wana futa, Wasomali wana macawiis, Wabangladeshi wana lungi, watu wa Kerala kule kusini mwa India wana mundu, na Waindonesia na Wamalei wana sarung. Ukoo huo bado unafanya biashara, kwani saruni zinazofumwa Java zinauzwa Yemen na Usomali hadi leo. Ila kila nchi imekuwa na mkono wake. Wanaume wa Myanmar, kwa mfano, hawakunji ukingo wa longyi yao. Hushika nguo iliyozidi kushoto na kulia, wakaisokota pamoja na kuichomeka mbele, fundo likaonekana waziwazi tumboni. Wanawake wao huikunja kwenda upande mmoja wa kiuno na kuichomeka hapo, na kwa hiyo mtu wa mbali hutambua kama mvaaji ni mwanamume au mwanamke hata kama nguo zinafanana.

Katika pwani yetu jambo hili ni la kale. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331. Siku ya kwenda kuonana na sultani aliletewa mavazi ya heshima, na miongoni mwake ilikuwamo nguo ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kwani alieleza kwamba watu wa huko hawakuijua suruali. Aliandika pia kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilisafirishwa mpaka Misri. Karibu miaka mia mbili baadaye Mreno Duarte Barbosa alieleza kwamba Waislamu wa mwambao, huko Sofala na jirani zake, walivaa nguo za pamba na hariri kuanzia kiunoni kwenda chini, na nyingine wakazitupia mabegani.

Hizo zilikuwa nguo za watu wa mjini, za masultani na matajiri. Ni vyema jambo hili likumbukwe, kwa sababu wako vijana wanaoona haya kutoka nje na msuli, wakidhani ni vazi la kulalia au la mtu aliyekosa suruali. Si hapa tu. Mwezi Aprili mwaka 2013, katika mtaa wa matajiri wa Baridhara jijini Dhaka, waendesha riksho walikatazwa kuingia wakiwa wamevaa lungi. Vijana wa jiji walichukizwa, wakajifunga lungi na kwenda huko kwa baiskeli kupinga.

Kazi nayo ina namna zake za kujifunga. Mkwezi anayepanda mnazi hawezi kuacha nguo ikining'inia hadi kwenye vifundo vya miguu, wala baharia anayepandisha tanga. Hawa hupiga ubinda: nguo hupitishwa katikati ya mapaja na kuchomekwa nyuma kiunoni, miguu ikawa huru kabisa. Mwenye kazi nyepesi zaidi hushika ukingo wa chini, akaupandisha mpaka kiunoni na kuuchomeka, nguo ikaishia magotini. Watu wa Kerala wanaifanya hivyohivyo mundu yao wanapotembea au wanapofanya kazi, lakini wana adabu moja inayostahili kutajwa: mtu akikutana na mkubwa wake huiteremsha haraka mpaka chini. Kuzungumza na mzee huku nguo imekunjwa magotini ni kumvunjia heshima.

Mviringo wa kiunoni pia ni mfuko. Ndani yake hufutikwa noti, funguo, na tumbaku ya wazee. Siku hizi imeongezeka simu, ambayo kwa uzito wake huulegeza mkunjo, na wenye kuvaa saruni kila siku wamejifunza kuvaa kaptura yenye mifuko ndani yake.

Upande wa wanawake mambo ni mapana zaidi, na kanga ndiyo inayoyabeba. Kanga moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa ndani ya kisanduku. Huuzwa mbili kwa pamoja, doti, zikiwa bado hazijatenganishwa; mnunuzi huzikata na kuzipinda mwenyewe au humpa fundi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mkononi zilizokuja kwa jora, wakazikata na kuziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye chapa. Katika Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na alama ya Mali ya Abdulla inasomeka kwenye kanga mpaka leo. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, halafu zikafuata za Kirumi.

Habari ya nani alivaa nini, na vipi, ina uzito mkubwa katika historia ya Zanzibar. Wanawake waliokuwa watumwa walivaa merikani, kitambaa cheupe cha bei ndogo kutoka Marekani, au kaniki, ile nguo ya rangi ya nili iliyokoza. Waliifunga chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa alama ya mwungwana. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuufuta utumwa kisheria, na miaka iliyofuata wanawake walioachwa huru walizikimbilia kanga za rangi. Jambo kubwa walilolifanya halikuwa kubadilisha rangi tu. Walivaa mbili, ya kwanza wakaifunga na ya pili wakajitanda. Kipande kile cha juu, kilichofunika kichwa na mabega, kilitangaza barabarani kwamba huyu hana bwana. Mwanahistoria Laura Fair ameieleza habari hii kwa kirefu katika utafiti wake juu ya Zanzibar ya enzi hizo, na anayeisoma hataona tena kujitanda kuwa jambo dogo.

Kujitanda kwenyewe hufanywa hivi. Kanga ya pili hushikwa kwa urefu wake, katikati ya ukingo ikawekwa juu ya paji la uso au nyuma yake kidogo, pande mbili zikateremka mabegani. Upande mmoja huachwa uanguke mbele. Mwingine huvushwa chini ya kidevu na kutupwa juu ya bega la pili, ukaning'inia mgongoni. Haifungwi kwa pini wala haichomekwi, hukaa kwa uzito wake, na mvaaji huirekebisha kwa mkono mara kwa mara mpaka mkono wenyewe unazoea. Kukiwa na baridi ya asubuhi, au mtu akiwa hataki kutambuliwa, huvutwa ikamfunika gubigubi.

Kanga ya kwanza hufungwa kiunoni ikiwa ndani kuna gauni au blauzi, na kifuani ikiwa ndiyo nguo pekee, kama mtu anapotoka kuoga au akiwa nyumbani kwenye joto la Februari. Ya kifuani hupitishwa chini ya kwapa, upande wa kulia ukalazwa juu ya wa kushoto au kinyume chake, ncha ya juu ikasokotwa kidogo na kuchomekwa ndani karibu na kwapa. Hapa pia wengi wa wanaoanza hukosea kwa kupiga fundo katikati ya kifua. Wanaojua husokota, wakachomeka, kisha wakaukunja ukingo wote wa juu mara moja kwa nje. Jina hupaswa kuwa chini na kusomeka vizuri na aliye nyuma. Mji nao ukae katikati ya mgongo. Mwenye kuvaa kanga juu chini, jina likasomeka kichwa chini miguu juu, atasimamishwa njiani na mwanamke asiyemjua kabisa na kuambiwa ajifunge upya, na hilo hufanywa kwa mapenzi.

Wasichana wadogo na waogeleaji wana mtindo mwingine: kanga huanzia mgongoni, ncha mbili za juu zikaletwa mbele, zikapishana kifuani na kufungwa nyuma ya shingo. Mtindo huu ndio unaoonekana zaidi kwenye fukwe za Diani na Kendwa, na hapa fundo linafaa, kwa kuwa shingo inalibeba.

Kuna kibwebwe. Kanga hukunjwa kwa urefu mara kadhaa ikawa ukanda mpana, ikazungushwa kiunoni juu ya nguo nyingine na kukazwa barabara. Hufanya hivyo mwanamke anayetwanga, anayepika wali wa harusi, anayeingia uwanjani kucheza ngoma, na zamani aliyetoka kujifungua. Kukaza kiuno namna hii humpa tegemeo anayeinama na kuinuka kwa saa nyingi. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwezi Aprili mwaka 2013 na aliyekuwa kungwi wa unyago, alipopiga ngoma alisimama ameipanda, imefungwa kiunoni mwake kwa kanga. Nguo ile ilikuwa vazi na ilikuwa mkanda wa ngoma kwa wakati mmoja.

Na kuna mbeleko, ambayo pengine ndiyo kilele cha ufundi wote huu, kwa sababu kosa lake si kufunuka bali ni kuanguka kwa mtoto. Mama huinama mgongo ukawa sawa na meza, mtoto akalazwa juu yake, miguu ikikumbatia kiuno kushoto na kulia. Kanga hutandazwa juu ya mtoto kutoka mabega mpaka chini ya makalio. Ukingo wa juu hupita chini ya kwapa zote mbili, au mmoja juu ya bega na mwingine chini ya kwapa. Pande mbili hukutana juu ya matiti, zikasokotwa na kuchomekwa au kufungwa. Kisha mama huinuka taratibu, akaukusanya ukingo wa chini na kuukaza tumboni, na huo ndio unaobeba uzito. Mtoto aliyefungwa vizuri huwa amekaa, magoti yakiwa juu kuliko makalio. Madaktari wa mifupa wanasema mkao huo wa mapaja yaliyopanuliwa ni mzuri kwa nyonga za mtoto mchanga, kuliko kumfunga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Kanga hiyohiyo ikisokotwa na kuzungushwa huwa ngata ya kuwekea ndoo kichwani. Ikifungwa pembe nne hubebea viazi kutoka sokoni. Pembe moja ya pindo huhifadhi sarafu kwa fundo dogo ambalo halijafunguka kwenye daladala yoyote. Mwaka 1984 Jeannette Hanby na David Bygott walitoa kijitabu cha michoro juu ya matumizi 101 ya kanga, na mwanamke yeyote wa Tanga au Malindi angeweza kuwaongezea mengine.

Bara imeyachukua haya na kuyafanya yake. Katika msiba, iwe Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, mwanamke aliyefika amevaa suruali ya kazini hutoa kanga au kitenge kwenye mkoba na kujifunga kiunoni kabla ya kuingia ndani. Lubumbashi na Bukavu nguo ni kikwembe, na kawaida yake ni yadi sita zinazogawanywa mara tatu: moja ya kushona blauzi, moja ya kufunga kiunoni mpaka miguuni, na ya tatu ya kufunga juu yake nyongani, ambayo mara nyingi ndiyo alama ya mke wa mtu. Rwanda na Burundi zina umushanana, sketi yenye mikunjo mingi kiunoni pamoja na kitambaa chepesi kinachotoka bega moja kupita kifuani. Nzwani, katika visiwa vya Komoro, wanawake hujitanda nguo iitwayo shiromani.

Kinachotia wasiwasi leo ni kitambaa. Maduka ya Kariakoo, Darajani na Barabara ya Biashara ya Mombasa yamejaa kanga na vikoi vilivyochanganywa poliesta. Bei yake ni nafuu na rangi haipauki upesi, ila poliesta ni laini mno na haing'ang'aniani, kwa hiyo mkunjo hufunguka wenyewe, na kwenye joto la pwani nguo hainyonyi jasho. Msichana aliyeanza kujifunza kwa kanga ya aina hiyo huamua kwamba hajui kujifunga, akanunua sketi ya kitenge yenye lastiki, na elimu ya bibi yake ikakomea hapo. Kumbe tatizo lilikuwa nguo. Viwanda na waagizaji waandike wazi kwenye kila doti kiasi cha pamba kilichomo, na wanunuzi waulize kabla ya kulipa.

Anayetaka kuanza asianze na kanga mpya, kwa sababu wanga wa kiwandani huifanya iteleze. Aombe kuukuu ya mama au shangazi, iliyofuliwa mpaka ikalainika, amwombe na mwenyewe amwonyeshe mara moja taratibu, kisha ajifunge na kujifungua mbele ya kioo mpaka aweze kuinama, kuchuchumaa na kupanda ngazi bila kuishika. Doti mpya aifue mara mbili au tatu, aipinde pande zilizokatwa, ndipo atoke nayo.